Sarafu ya rupia 2 ya mwaka 1893 na mkwaruzo wa shavuni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilianzia katika kopo la biskuti lililokutwa chini ya kitanda cha marehemu mmoja mjini Tanga, wakati watoto wake watatu walipokuwa wakiorodhesha mali ya mirathi. Ndani yake mlikuwa na hela kadhaa za shaba, reale moja ya Sham (dola ya fedha ya Maria Theresa wa Austria), rupia nne za fedha za enzi ya Mjerumani, na sarafu nyingine ya fedha iliyozidi rupia hizo kwa ukubwa, ambayo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekumbuka kuiona popote. Binti mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu, alivipeleka vyote kwa sonara ili vipimwe. Sonara aliiweka ile sarafu kubwa kwenye mzani, akataja bei yake kwa gramu, kisha akaongeza kwamba mkwaruzo uliokatiza shavu la mfalme unaweza kuondolewa kwa msasa laini, na kwamba ikishang'arishwa sarafu itakuwa kama mpya. Mwalimu aliikataa bei ile na akaomba muda kuhusu msasa. Nilipokabidhiwa kopo hilo, nilipewa na maswali mawili: mkwaruzo ule umeipunguzia sarafu thamani kwa kiasi gani, na je, uondolewe au uachwe kabla ya mali kugawanywa?

Maswali hayo hayajibiki kabla sarafu haijajulikana. Ilikuwa ya rupia 2, ya mwaka 1893, mojawapo ya zile zilizotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo ilianza kutoa fedha zake mwaka 1890. Upande wa mbele una sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maneno ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa nyuma una nembo ya kampuni, simba na mti wa jamii ya minazi, ikizungukwa na jina la kampuni kwa Kijerumani. Kampuni haikubuni kipimo kipya, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea rupia ya India. Ilichukua vipimo vilevile vya rupia hiyo, yaani gramu 11.66 zenye sehemu 917 za fedha safi katika kila 1,000, na ile ya rupia 2 ikawa na uzito maradufu, gramu 23.32. Rupia moja ilitengenezwa kwa miaka mingi, kwanza na kampuni, kisha na serikali ya kikoloni iliyochukua jukumu hilo mwaka 1904 na kuigawa rupia katika heller 100, ambazo ulimi wa Kiswahili ulizigeuza kuwa hela na hadi leo haujaziachia. Sarafu ya rupia 2, kinyume chake, ilitengenezwa mwaka 1893 na 1894 tu. Tofauti hii ya wingi ndiyo itakayoamua mengi huko mbele.

Kwa sababu ni adimu, imeigizwa sana, na nakala za bandia za rupia 2 zinazunguka kwa wingi katika biashara ya leo. Kuzungumzia daraja, yaani kiwango cha ubora wa hali, la sarafu ambayo huenda ni ya bandia ni kutwanga maji kinuni. Kwa hiyo nilianza na mzani. Sarafu ilikuwa na gramu 23.21, upungufu wa sehemu moja ya kumi ya gramu hivi, jambo la kawaida kwa kitu kilichopita mikononi mwa watu. Baada ya hapo niliweka glasi ya maji juu ya mzani uleule, nikaurudisha kwenye sifuri, nikaining'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka ikazama bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Mzani ulionyesha gramu 2.25. Ukigawanya 23.21 kwa 2.25 unapata 10.3, ambao ndio msongamano unaotarajiwa kwa mchanganyiko wa fedha na shaba wa kiwango kile. Fedha safi huwa karibu na 10.5, na mchanganyiko wa shaba na nikeli unaotumiwa katika bandia nyingi huwa karibu na 8.9. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi kila kitu, kwani mtu anaweza kutengeneza bandia kwa fedha halali, lakini pamoja na herufi zilizochongwa vizuri, uchakavu ulioenea ipasavyo na uso usio na vishimo vya kumiminwa katika kalibu, niliridhika.

Upungufu ule wa gramu haukuletwa na mkwaruzo, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Ncha ngumu ikipita juu ya fedha kwa kawaida haiyang'oi madini. Huyasukuma pembeni, kama jembe linavyorundika udongo pande mbili za mfereji. Ndiyo maana mkwaruzo mpya huwa na kingo mbili zilizoinuka ambazo ukizipitishia ukucha unazihisi. Sonara anayenunua kwa gramu hana sababu yoyote ya kuupunguzia bei mkwaruzo, na kwa haki yake, huyu wa Tanga hakupunguza. Kwake fedha ni fedha. Lugha yetu yenyewe inayaita madini na pesa kwa neno hilohilo, na pengine ndiyo sababu tunachelewa kuona kwamba sarafu ya kale inaweza kuwa na thamani ya tatu isiyo ya madini wala ya matumizi.

Sasa mikwaruzo yenyewe. Ilikuwa mitatu. Mkubwa, wenye urefu wa milimita 9, ulianzia chini ya ukingo wa kofia, ukashuka katikati ya shavu na kuishia katika uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na sura wala maandishi, mbele ya shingo. Mingine miwili ilikuwa mifupi, sambamba, upande wa nyuma karibu kabisa na ukingo, na isingeonekana bila kioo cha kukuzia. Hiyo mifupi ina sura ya jaribio: mtu aliikuna sarafu mahali pasipoonekana ili aone kama chini ya weupe kuna shaba. Kuhusu ule mrefu siwezi kusema zaidi ya kwamba ulichorwa kwa ncha moja, kwa pigo moja, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ni mpana unapoanza na unafifia unapoishia.

Kabla ya kuuita mkwaruzo, ilibidi niondoe uwezekano wa alama ya kiwandani. Mistari inayotokana na kusuguliwa kwa chapa, yaani kile chuma kinachogonga sura kwenye sarafu, hutokeza juu ya uso badala ya kuzama, kwa kuwa mfereji uliomo ndani ya chapa hujazwa na fedha wakati wa kugongwa. Ipo pia aina nyingine inayowachanganya hata wazoefu: katika karne ya 18, vipande vya fedha vilivyozidi uzito vilipigwa tupa kabla ya kugongwa, na mistari ya tupa ile ikabaki ikionekana katika sarafu nyingi za Ulaya na Marekani za wakati huo. Mistari hiyo hufifia au kukatika pale chapa ilipoibana fedha kwa nguvu zaidi, maana ilitangulia kuwepo, na wakusanyaji huihesabu kuwa sehemu ya utengenezaji. Mkwaruzo wa rupia yetu ulizama, na ulipita juu ya shavu na uwanja bila kujali mwinuko. Ulifanywa na mtu baada ya sarafu kukamilika.

Je, ni wa zamani? Hapa ndipo wauzaji wengi hujikinga, wakitamka neno zamani kana kwamba ni msamaha. Umri wa mkwaruzo husomeka kwa mambo matatu yanayopaswa kukubaliana. Kwanza ni rangi. Fedha huungana polepole na salfa iliyomo hewani na kupata utando unaoanza na umanjano, ukaenda kwenye kahawia na buluu, hatimaye weusi. Mkwaruzo mpya huukata utando huo na kuacha mstari mweupe unaometa, lakini miaka ikipita mfereji hupata rangi ileile ya jirani zake. Pili ni kingo. Ikiwa sarafu iliendelea kutumika baada ya kukwaruzwa, zile kingo mbili zilizoinuka zitakuwa zimelala na kulainika kwa kusuguana na sarafu nyingine na vidole. Tatu ni uchafu mgumu uliojikusanya chini kabisa ya mfereji. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu inaweza kughushiwa kwa yai la kuchemsha: ukilifungia ndani ya chombo pamoja na sarafu ya fedha, salfa inayotoka kwenye yai itaifanya iwe nyeusi kwa muda mfupi. Weusi wa namna hiyo, hata hivyo, huenea sawasawa juu ya kila kitu, wala hauwezi kuzilaza kingo za mkwaruzo mpya. Katika sarafu ya mwalimu mambo yote matatu yalikubaliana. Mfereji ulikuwa wa kijivu kama uwanja ulivyokuwa, kingo zilikuwa zimelala, na chini palikuwa na uchafu mweusi kama lami. Ulichorwa wakati rupia ilikuwa bado pesa, au muda mfupi baadaye, maana Waingereza walileta florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921, na rupia ya Mjerumani ikatoka sokoni.

Umri huo unasaidia nini katika daraja? Kwa masharti yaliyoandikwa, hausaidii sana. Kipimo kinachotumika zaidi leo, cha 1 hadi 70, kilibuniwa na William Sheldon, Mmarekani aliyekichapisha mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akikusudia mwanzoni namba ifuate bei: sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Uhusiano huo wa bei ulikufa mapema, ila namba zilibaki, zikaenea duniani hasa baada ya kampuni za Kimarekani za kupima na kufungia sarafu katika visanduku vya plastiki kuanza kazi katika miaka ya 1980. Kwa uchakavu wake tu, rupia hii ningeiweka daraja la 45: manyoya ya tai yamesuguliwa kwenye ncha, nywele za masharubu bado zinahesabika, na mng'ao wa asili umesalia kati ya herufi. Lakini kampuni hizo zikiona mkwaruzo mzito mahali pa wazi hazitoi namba kabisa. Huandika hali ya jumla kwa maneno, kisha sababu ya kunyimwa namba, kwamba imekwaruzwa. Mkwaruzo wa miaka 100 na wa juzi huangukia chini ya neno hilohilo moja.

Desturi ya wauzaji wa Ujerumani, ambako sarafu hizi zina wakusanyaji wengi, ni tofauti kidogo, na mimi naiona kuwa ya haki zaidi kwa kisa kama hiki. Wao hutaja daraja la uchakavu, kisha hutaja kasoro pembeni yake, wakimwachia mnunuzi aamue atakata kiasi gani. Hapo umri huanza kupata uzito, si katika daraja bali katika jicho. Mkwaruzo uliozama katika rangi ya sarafu hauiti macho. Ukiishika umbali wa mkono unaona kwanza kofia, kisha sura, kisha mstari. Mkwaruzo mweupe juu ya uso wa kijivu huuona kabla hujaiona sarafu yenyewe. Mnunuzi hulipia kile anachokiona kwanza, na kwa sababu hiyo mkwaruzo wa zamani una nafuu yake, ingawa kitabu cha masharti hakiitambui.

Nafuu hiyo ilijionyesha wazi kuliko nilivyotarajia, kwa makosa ya mpwa wa mwalimu. Kijana huyo, kwa nia njema kabisa, alikuwa amechukua mojawapo ya rupia nne ndogo, ya mwaka 1910 yenye herufi J ya kiwanda cha Hamburg, akaisugua kwa ndimu na majivu kama sufuria ili aone fedha inavyorudi. Rupia hiyo nayo ilikuwa na mkwaruzo wa zamani, mfupi, nyuma ya kofia ya Kaisari, na wenyewe walisema kwamba hapo awali hawakuwahi kuuona. Majivu yalifika juu ya uwanja lakini hayakufika chini ya mfereji. Uwanja ukawa mweupe, mfereji ukabaki mweusi, na mkwaruzo ambao miaka 100 ilikuwa imeufunika ukajitokeza kama mstari wa wino kwenye karatasi. Juu ya hapo, chini ya kioo cha kukuzia uso mzima ulikuwa umejaa mistari myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, ambayo ni alama ya kidole kilichosugua. Kasoro moja ilikuwa imezaa kasoro ya pili isiyofutika.

Msasa wa sonara ungeifanyia rupia 2 jambo lilelile kwa njia kubwa zaidi. Mfereji hauondoki kwa kujazwa. Unaondoka kwa kushusha kila kilichouzunguka mpaka usawa wa chini yake. Kwenye shavu hilo lingemaanisha kuondoa sehemu ya uso wa Kaisari, na kwenye uwanja lingeacha bonde pana na lenye kina kidogo ambalo jicho halioni lakini mwanga huliona, kwa kuwa taswira ya taa ikipita hapo hupinda. Mng'ao wa asili, unaotokana na mistari midogo mno iliyoachwa na fedha ilipokuwa ikitiririka chini ya kishindo cha chapa, usingerudi tena kwa namna yoyote. Mng'ao wa sonara ni wa kioo, laini na uliokufa. Sarafu ingetoka pale ikiwa na madini pungufu, bila mkwaruzo, na bila sababu yoyote ya mkusanyaji kuitaka kuliko nakala ya bandia.

Nilipofika kwenye thamani, niliziweka sarafu mbili hizo mezani kwa pamoja, kwa kuwa moja bila nyingine ingepotosha hesabu. Rupia ya 1910 ina gramu 10.7 hivi za fedha halisi, na sarafu za aina yake bado zinapatikana kwa urahisi, tena zisizo na mkwaruzo wala ndimu. Mkusanyaji hana haja ya kuvumilia kasoro anapoweza kununua nzima kesho yake kwa bei inayozidi kidogo tu ile ya madini. Hivyo mkwaruzo pamoja na usafishaji viliiangusha hadi chini kabisa, ambako sakafu yake ni bei ya gramu, na bei ya sonara kwa hiyo ilikuwa ya halali. Rupia 2 ina gramu 21.4 za fedha halisi, na kama sakafu ndiyo ingekuwa kipimo ingestahili maradufu tu ya ile ndogo. Lakini anayetafuta rupia 2 ya 1893 hazikuti zimerundikana. Atakutana na nzima zilizo ghali, zilizosafishwa, zilizolehemiwa kikuku ili zivaliwe, na za bandia. Katika kundi hilo, sarafu halisi ambayo haijaguswa, yenye mkwaruzo mmoja wa zamani, inasimama mahali pa heshima. Makadirio yangu, ambayo nilimwambia mwalimu kuwa ni makadirio, yalikuwa kwamba mkwaruzo umeondoa kati ya theluthi moja na nusu ya bei ya sarafu nzima ya daraja lile, na kwamba kinachobaki bado kinazidi mara kadhaa bei ya gramu aliyotajiwa. Kama mkwaruzo uleule ungekuwa uwanjani nyuma ya shingo badala ya shavuni ningekata robo tu. Sura ya mtu ndipo jicho linapokwenda kwanza, na kasoro ya shavuni hulipiwa ghali kuliko ya mahali pengine popote.

Reale ya Sham nitaipitia kwa haraka. Ilikuwa na donge la lehemu juu ya ukingo, mabaki ya mkufu, na tarehe ya 1780 iliyo kwenye kila sarafu ya aina hiyo hata iliyogongwa karne ya 20. Kwa mkusanyaji lehemu ni jeraha kubwa kuliko mkwaruzo, kwani joto lake hubadilisha uso wa fedha kuizunguka. Dada mdogo aliichukua kwa sababu alimkumbuka bibi yake akiivaa, na hakuna aliyeleta habari ya bei.

Mabishano yaliyobaki yalikuwa juu ya picha. Kaka yao alitaka kuitangaza rupia 2 kwa wanunuzi, akaleta picha aliyoipiga kwa simu, nzuri sana, ambamo mkwaruzo haukuonekana hata kidogo. Hakuwa amedanganya kwa makusudi. Mwanga ukimulika sarafu moja kwa moja kutoka juu, mfereji mwembamba haupati kivuli, na hivyo hupotea. Ukimulika kutoka ubavuni, kwa pembe ya chini, kila mstari hujitokeza. Nilimwomba apige picha mbili za kila upande, moja kwa kila mwanga, na azitoe zote. Mnunuzi akiipokea sarafu na kukuta kasoro ambayo hakuonyeshwa ataidai pesa yake yote, na ataitilia shaka hata ile sehemu ya maelezo iliyokuwa ya kweli.

Mwishoni hawakuiuza. Mwalimu aliichukua rupia 2 katika fungu lake, kwa thamani waliyokubaliana watatu kuwa katikati ya makadirio yangu, na kaka yake akafidiwa kwa sehemu kubwa zaidi ya vitu vingine. Ile ya 1910 ilirudi kwa sonara, ikapimwa kwa gramu. Rupia 2 iliwekwa katika kifuko cha plastiki ngumu isiyotoa tindikali, pamoja na karatasi ndogo ambayo mwalimu aliiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: rupia 2, 1893, gramu 23.21, mkwaruzo wa zamani shavuni, mingine miwili nyuma karibu na ukingo, haijasafishwa.